Kupita au Kukwepa: Mwongozo Kamili wa Kuamua Kama Ndege ya Abiria Iruke Juu ya Eneo la Vita

Tarehe 17 Julai 2014, ndege ya Malaysia Airlines aina ya Boeing 777, safari ya MH17 kutoka Amsterdam kwenda Kuala Lumpur, ilikuwa kwenye kimo cha futi 33,000 juu ya mashariki ya Ukraine ilipotunguliwa kwa kombora la Buk. Watu wote 298 waliokuwamo walikufa. Siku tatu kabla ya hapo ndege ya kijeshi aina ya An-26 ilikuwa imetunguliwa katika eneo hilohilo, na Ukraine ikafunga anga lake la mashariki kuanzia ardhini hadi futi 32,000. Kwa maandishi, basi, MH17 ilikuwa mahali panaporuhusiwa, futi 1,000 tu juu ya mstari. Wachunguzi wa Uholanzi walikuta kwamba siku hiyohiyo safari 160 za kibiashara zilipita katika sehemu hiyo kabla haijafungwa kabisa. Kila shirika lilikuwa linaona mengine yanapita, nalo likapita.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaokaa kwenye meza ya uamuzi: wakuu wa operesheni, maofisa wa usalama, wapangaji wa safari na marubani, hasa wa mashirika madogo yasiyo na kitengo chake cha ujasusi. Msimamo wangu ni kwamba anga kuwa wazi si ushahidi kwamba ni salama, na kwamba shirika linalosubiri kuambiwa "pamefungwa" limekwisha kukabidhi roho za abiria wake kwa mtu mwingine ambaye ana mambo yake mengine ya kuangalia.

Hatua ya kwanza: amua nani anaamua

Kabla ya ramani wala taarifa yoyote, andika jina la cheo kinachoweza kusimamisha safari, na uhakikishe kwamba kuna mtu mwenye cheo hicho aliye macho saa zote 24. Vita haviheshimu saa za kazi. Mashambulizi mengi ya makombora huanza usiku, wakati mkurugenzi amelala na ofisini yuko mpangaji wa zamu peke yake, mbele yake kuna ndege tatu zilizo njiani na nyingine mbili zinazopakia abiria. Mtu huyo anapaswa kuwa na ruhusa ya maandishi ya kuzuia au kugeuza ndege bila kumwamsha yeyote, na asiulizwe asubuhi kuhusu gharama.

Idara ya biashara inaweza kueleza hasara itakayopatikana, nayo ni haki yake, lakini isiwe na kura katika swali la usalama. Kuzuia kuwe rahisi kuliko kuruhusu: mtu mmoja azuie, ila kuruhusu kupite mikononi mwa wawili au watatu. Na rubani mkuu, ambaye kwa kanuni za kimataifa ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu ndege yake, aweze kukataa njia bila kupoteza kazi wala zamu.

Hatua ya pili: kusanya taarifa, na uzisome kwa jicho la mashaka

Kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake, na ndiyo yenye haki ya kulifungua na kulifunga. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Nchi iliyo vitani ina sababu nyingi za kutofunga: inapata ada kwa kila ndege inayopita, na kufunga ni kama kukiri mbele ya dunia kwamba imeshindwa kulinda eneo lake. Tarehe 8 Januari 2020, Iran ilirusha makombora dhidi ya kambi za Marekani nchini Iraq, lakini haikufunga anga lake. Saa chache baadaye, saa 12:12 asubuhi kwa saa za Tehran, ndege ya Ukraine International Airlines, safari ya PS752, iliruka kutoka uwanja wa Imam Khomeini, na dakika chache baadaye ikapigwa makombora mawili na walinzi wa anga wa Iran wenyewe. Watu 176 walikufa. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani ilikuwa imekwisha kuyapiga marufuku mashirika yake kupita hapo kabla PS752 haijaruka. Taarifa ilikuwapo, lakini haikuwa katika kapu ambalo kila mtu alilazimika kulitazama.

Kwa hiyo usitosheke na notisi za nchi unayopita juu yake. Soma pia NOTAM, yaani notisi rasmi kwa marubani, na makatazo ambayo Marekani, Uingereza, Ujerumani na Ufaransa hutoa kwa mashirika yao, pamoja na taarifa za maeneo ya vita zinazotolewa na EASA, wakala wa usalama wa usafiri wa anga wa Umoja wa Ulaya. Hazikubani kisheria kama shirika lako halikusajiliwa huko, lakini zimetoka kwa serikali zenye setilaiti na majasusi ambao wewe huna. Nchi mbili zikikataza na moja ikiruhusu, anza kwa kudhani kwamba zile mbili zimeona kitu. Ongeza mawasiliano ya moja kwa moja na mashirika mengine yanayotumia njia hiyo, na wakala wako aliye katika viwanja vya karibu, ambaye mara nyingi husikia milio kabla serikali haijaandika neno.

Kila NOTAM isome kwa maswali manne: imetolewa na nani, inamhusu nani, inafunika kimo gani, na imetoa sababu gani. Swali la mwisho ndilo linalosahaulika. Notisi za Ukraine za Julai 2014 ziliweka mipaka ya kimo bila kueleza tishio lenyewe, na msomaji aliyekuwa mbali hakuwa na njia ya kujua kama ni mazoezi, msongamano au makombora. Ukiona kimo kimefungwa bila maelezo katika nchi yenye mapigano, chukulia kwamba sababu ni mbaya hadi uthibitishiwe vinginevyo. Ukiona mpaka wa kimo unapandishwa mara kwa mara, futi 26,000 leo na futi 32,000 mwezi ujao, hilo ni onyo linalosema kwamba silaha zinazidi kufika juu.

Hatua ya tatu: jua silaha zilizopo na zinafika wapi

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi, kwa kuwa mashirika mengi hupima "hali ya usalama" kwa jumla badala ya kuuliza ni chuma gani hasa kinachoweza kuigusa ndege.

Kundi la kwanza ni makombora ya kurushwa begani. Hayahitaji gari wala rada, hubebwa na mtu mmoja, na hufuata joto la injini. Kwa kawaida hufika kwenye kimo cha futi 15,000 hivi, na wapangaji waangalifu huongeza futi elfu kadhaa juu ya hapo, zaidi pale ardhi yenyewe inapoinuka, kwa sababu mrushaji aliye juu ya mlima wa futi 8,000 yuko karibu nawe zaidi kuliko ramani inavyoonyesha. Mnamo Novemba 2003 ndege ya mizigo aina ya Airbus A300 ilipigwa na kombora la namna hii ilipokuwa ikipaa kutoka Baghdad; ilipoteza mifumo yote ya haidroliki, yaani ya mafuta ya mgandamizo yanayoendesha sehemu za mabawa na mkia, na marubani wake wakaitua kwa kucheza na nguvu za injini pekee. Tishio hili linahusu zaidi kutua na kupaa kuliko kupita juu.

Kundi la pili ni makombora ya masafa ya kati na marefu yanayoongozwa kwa rada, kama vile Buk na S-300. Mbele ya haya, kimo si kinga. Ndege ya abiria inayokwenda futi 38,000 iko ndani kabisa ya uwezo wao, na kuipandisha futi 2,000 zaidi ni kujiliwaza. Pale ambapo silaha hizi zipo na mapigano yanaendelea, swali halipaswi kuwa "turuke juu kiasi gani" bali "tupite umbali gani kutoka hapo". Pima umbali huo kutoka mahali silaha inapoweza kuhamishiwa, usiishie mahali ilipoonekana jana, kwani mitambo hii iko juu ya magari.

Kundi la tatu ni makombora yanayopita angani kuelekea shabaha nyingine, pamoja na droni na ndege za kivita zinazoyafuata. Hakuna aliyekulenga, lakini mnatumia anga moja. Usiku wa tarehe 1 Oktoba 2024, Iran iliporusha makombora kuelekea Israel, marubani wa ndege za abiria waliyaona yakipanda kwa macho yao.

Hatua ya nne: uliza kama mwenye silaha anaweza kukutambua

Watu huuliza, "Nani angetaka kuitungua ndege ya abiria?" Ni swali lenye kupotosha. Ndege nyingi zilizotunguliwa hazikutunguliwa na mtu aliyetaka kuua abiria. Zilitunguliwa na mtu aliyeamini kwamba anajilinda. Mnamo Julai 1988 meli ya kivita ya Marekani, USS Vincennes, iliidhania Airbus ya Iran Air kuwa ndege ya kivita na kuwaua watu 290. Katika mkasa wa PS752, uchunguzi wa Iran yenyewe ulieleza kwamba rada ya mtambo ilikuwa imehamishwa bila kurekebishwa upya mwelekeo wake, ikakosea kwa zaidi ya digrii 100, hivyo ndege iliyokuwa ikitoka Tehran ikaonekana kama inayokuja. Mei 2020, ndege ndogo iliyobeba vifaa vya tiba ilitunguliwa ilipokaribia kutua Berdale, Somalia, na wanajeshi wa Ethiopia walioitilia shaka. Watu sita wakafa.

Tazama picha hiyo kwa karibu: askari amekesha, ameambiwa kwamba adui atalipiza kisasi, mawasiliano na makao makuu yamekatika, na kwenye kioo chake kuna nukta inayosogea. Ana sekunde chache. Kila jambo linalompunguzia askari huyo utulivu linakuongezea wewe hatari. Kwa hiyo pandisha kiwango cha hatari mara moja unapoona mojawapo ya mambo haya: shambulizi limefanyika na kisasi kinatarajiwa ndani ya saa au siku chache, mitambo ya kutungulia ndege imeingia mikononi mwa wapiganaji wasio na mafunzo wala rada kamili ya utambuzi, ndege za kijeshi zimeanza kutunguliwa, jeshi na waongoza ndege wa kiraia hawazungumzi, ndege za kijeshi za usafirishaji zinatumia njia zilezile za abiria. Dalili mbili zikikutana, mimi nisingesubiri ya tatu.

Wala usidhani ni vita pekee. Oktoba 2001 ndege ya Siberia Airlines ilitunguliwa juu ya Bahari Nyeusi na kombora la S-200 lililorushwa katika mazoezi ya jeshi la Ukraine, na watu 78 walikufa.

Hatua ya tano: panga safari ya ndege iliyoharibika

Wapangaji wengi huweka sharti la "kutoshuka chini ya futi 32,000" juu ya eneo lenye makombora ya begani, kisha huona kazi imekwisha. Sharti hilo ni kweli maadamu injini zote zinafanya kazi na hewa ndani ya ndege haijavuja. Chukua ndege ya injini mbili iliyo futi 36,000 katikati ya eneo hilo. Mgandamizo wa hewa ukipotea, marubani huvaa barakoa za oksijeni na kuishusha ndege haraka hadi futi 10,000 hivi, ambako watu wanaweza kupumua. Injini moja ikizimika, ndege haiwezi kubaki kwenye kimo chake. Itateremka polepole hadi kimo ambacho injini iliyobaki inakimudu. Abiria mwenye shambulio la moyo naye anahitaji uwanja ulio karibu, na uwanja ulio karibu huenda ndio unaopiganiwa.

Chora basi njia nzima, na kwa kila kipande cha dakika kumi andika: hapa tatizo likitokea, tunageukia wapi, na tutakuwa juu ya nani tukishuka? Kukiwa na kipande hata kimoja ambacho jibu lake ni "juu ya wapiganaji, hadi uwanja ulio ndani ya eneo lao", sogeza njia mpaka kipande hicho kiondoke. Ndiyo kazi inayochosha kuliko zote katika mwongozo huu, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu inamlazimisha mpangaji kuitazama ardhi iliyo chini ya mstari wake.

Hatua ya sita: jiandae kupotezewa GPS

Majeshi huvuruga mawimbi ya GPS ili kujikinga na droni, na ndege za abiria huingia katika vurugu hiyo. Kuna kuziba, ambako mawimbi hupotea na rubani akajua. Na kuna kudanganya, ambako chombo hupewa mahali pa uongo na kuendelea kuonyesha kwa utulivu kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuanzia Septemba 2023, ndege zilizokuwa zikipita Iraq karibu na mpaka wa Iran zilipata udanganyifu wa namna hiyo, nyingine zikapotea njia kiasi cha kuwaomba waongoza ndege waziambie zilipo. Fikiria maana yake: kosa la maili chache linaweza kukuingiza bila ruhusa katika anga la nchi iliyo macho na yenye kidole kwenye kitufe.

Wafundishe marubani kuzitambua dalili: saa ya ndege inaruka mbele au nyuma, kasi ya upepo inabadilika bila sababu, mahali panapoonyeshwa na GPS panatofautiana na panapoonyeshwa na mfumo wa inesha, ule unaokadiria mahali ndege ilipo kwa kupima mwendo wake wenyewe bila setilaiti, au mtambo wa kutahadharisha ukaribu wa ardhi unamwamrisha rubani apandishe ndege ilhali iko futi 35,000. Kabla ya kuingia katika eneo hilo, wahakikishe mifumo ya inesha inakubaliana na kuitenga GPS pale ambapo mtengenezaji wa ndege anaruhusu, na wawe na vituo vya redio vya ardhini vya kuwaongoza. Njia iliyo salama kwa kombora lakini iko maili kumi tu kutoka mpaka hatari si salama kama GPS haiaminiki.

Hatua ya saba: pima njia mbadala kwa haki

Kukwepa nako kuna gharama. Urusi ilipofunga anga lake kwa mashirika ya Ulaya mnamo Februari 2022, safari ya Finnair ya Helsinki hadi Tokyo iliyokuwa ya saa 9 hivi ikawa ya saa 13 hivi. Hayo ni mafuta zaidi, abiria au mizigo michache zaidi, marubani wa ziada na vibali vipya vya kupita.

Njia mbadala yenyewe inaweza kuwa na hatari zake. Anga moja linapofungwa, ndege zote hukimbilia ukanda mmoja mwembamba na waongoza ndege wake huzidiwa. Tangu Agosti 2021, Afghanistan imekuwa bila huduma ya kawaida ya kuongoza ndege, na marubani wanaopita huko hutangaziana mahali walipo kwa redio. Ipime njia ya pili kwa maswali yaleyale uliyoyatumia kupima ya kwanza.

Kuhusu bima nitasema machache. Sera ya kawaida ya ndege haifuniki vita. Hununuliwa bima ya vita ya pekee, na kwa desturi kampuni ya bima inaweza kuisitisha kwa notisi ya siku 7. Waulize mapema maeneo waliyoyaondoa, na ulichukue jibu lao kama taarifa nyingine ya kijasusi. Hata hivyo, kukubali kwao kukufunika si ruhusa ya kuruka.

Hatua ya nane: andika uamuzi, masharti yake na mwisho wake

Uamuzi uwe mmoja kati ya mitatu: tunapita, tunapita kwa masharti, hatupiti. Masharti yawe ya kupimika: kimo cha chini kabisa, umbali kutoka mpaka fulani, mchana pekee, mafuta ya ziada ya kurudi. Andika pia matukio yatakayoufuta uamuzi huo papo hapo bila kikao, kwa mfano ndege yoyote kutunguliwa, nchi fulani kutoa katazo, au shambulizi jipya la makombora. Halafu weka saa ya kwisha. Hali inapochemka, ruhusa isiishi zaidi ya saa 24. Ikifika mwisho bila kupitiwa upya, igeuke kuwa katazo yenyewe. Kuendelea kupita kwa mazoea, huku mapigano chini yakikua wiki hadi wiki, ndiko kulikokuwa mashariki ya Ukraine mwaka 2014.

Hatua ya tisa: simamia ndege iliyo njiani

Tarehe 23 Juni 2025, Qatar ilifunga anga lake muda mfupi kabla ya makombora ya Iran kuielekea kambi ya Marekani ya Al Udeid iliyo nchini humo, na ndege nyingi zilizokuwa zikielekea Doha zilijikuta angani bila mahali pa kutua. Siku kama hiyo huamuliwa na maandalizi yaliyofanywa kabla ya kuruka. Kwa kila safari inayokaribia eneo hilo, weka alama ya mwisho ya kugeukia, na mafuta ya kufika uwanja wa mbali. Mpangaji azungumze na marubani kabla hawajafika kwenye alama hiyo, awape ruhusa ya kuendelea kwa maneno, wasipoipata, wageuke. Ukimya usihesabiwe kuwa ndiyo.

Wafanyakazi wa ndege waelezwe njia na sababu zake kabla ya kila safari, kwa ukweli mtupu. Abiria akiuliza iwapo ndege inapita juu ya nchi fulani, ajibiwe.

Hatua ya kumi: kurudi

Mapigano yakisimama, shinikizo la kurejea njia fupi huja siku hiyohiyo. Usitishaji vita haumwondoi askari kwenye mtambo wake wala haumjulishi kila kamanda aliye porini. Subiri mambo matatu yaonekane: mitambo imeondolewa au kuzimwa, jeshi na waongoza ndege wa kiraia wana mawasiliano yanayofanya kazi, na nchi zilizokataza zimelegeza makatazo yao kwa maandishi. Kisha anza na safari chache za mchana, kwenye kimo cha juu, ukiwa umepitia upya ramani ya dakika kumikumi kana kwamba hujawahi kuruka hapo, na kila rubani anayerudi akuletee ripoti ya GPS, ya redio na ya alichokiona dirishani kabla safari inayofuata haijaruhusiwa.